Mwanzilishi wa Kiraka Chekundu

Ukuta wa duka la shemeji yangu una uongo wa rangi nne, kwa sababu mchoraji alikuwa na mikebe minne tu. Duka liko kwenye barabara kubwa ya Kindu, upande unaoshuka kwenda mtoni. Ndani wanauza mifuko ya mgongoni, makoti ya mvua, mahema, mabuti na kamba, vitu vya watu wanaoingia pori kuchimba na kuchuuza. Kila kitu kina kiraka chekundu cha pembe tatu, na mali yote inaitwa hivyo hivyo, Kiraka Chekundu. Nje ukutani amechorwa mwanaume ameketi kwenye mashini ya kushona, nyuma yake pori na mto, juu ya kichwa chake neno Mwanzilishi. Kwenye picha ile ukweli ni mto.

Sitaandika majina ya watu. Si kwa huruma. Aliyekaa Kindu miaka ile hana haja ya jina, na ambaye hakukaa, jina halitamsaidia kitu. Lakini wenye makosa nitawataja kwa kazi zao na kwa undugu wao, ili wasije wakasema nilikuwa namaanisha mtu mwingine.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi, halafu baba akanipeleka foyer, kule kwa masista, walikokuwa wanafundisha wasichana kushona na kuoka keki. Keki sijaoka tena. Baba alikuwa mtu wa reli. Reli ilipomwachisha kazi alininunulia mashini ya kukanyaga kwa mguu, nyeusi, nzito kama dhambi, akasema huo njo urithi wangu, nisingoje mwingine. Alipokufa tulitafuta, na kweli hakukuwa na mwingine. Niliolewa na mashini yangu, na mume wangu hakuona ubaya. Yeye alikuwa tolekiste, msukuma baiskeli ya mizigo. Alikuwa anakwenda Kampene na sabuni na kurudi na chochote alichopata.

Vita ilipotufikia, waasi na wageni waliowaleta walikaa mjini. Wapiganaji wa pori, wale waliojinyunyizia maji ya dawa ili risasi isiwapate, walikaa kuuzunguka mji. Sisi raia tulibaki katikati bila kuulizwa. Treni ilisimama, boti zikasimama. Chumvi ilikuwa mjini, mihogo na mawese yalikuwa porini, na kila upande ulikuwa unakauka kwa kukosa kitu cha mwenzake.

Siku moja ofisa wa waasi alimwomba mume wangu baiskeli. Mume wangu alimuuliza ataileta lini. Ofisa akampiga risasi. Huyo njo wa kwanza kwenye hesabu yangu ya wenye makosa. Nasikia baadaye alipelekwa kusomea mambo ya amani, na leo anawafundisha wengine. Baiskeli tuliiona mjini muda mrefu, ikipandwa na mpishi wake. Mnyororo haukuwahi kutiwa mafuta.

Baiskeli ilipokwenda, ulibaki mgongo. Wanawake wa kwetu wanabeba kitunga, kikapu kikubwa cha mgongoni ambacho mkanda wake unapita kwenye paji la uso. Tulikuwa tunavuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, tunaingia njia za pori na chumvi, tunarudi na mihogo na mafuta. Kitunga ni kizuri kwa mihogo. Kwa chumvi, mvua ya Maniema inaingia kila tundu. Unaondoka na chumvi, unafika na kitunga.

Nyuma ya depo moja kulikuwa na lori limekufa, na juu yake bashi, lile turubai la kitambaa kizito. Nililikata. Niliukunja mshono mara mbili, nikashona kwa uzi wa nailoni wa kufumia nyavu uliotoka kwa wavuvi wa Lokandu, nikasugua mshumaa juu ya kila mshono na kupitisha pasi ya makaa ili kitambaa kinywe nta. Mikanda niliikata kwenye shambreli ya gari, ule mpira wa ndani wa gurudumu. Mahali mkanda unaposhikana na mfuko njo mahali panapochanika, kwa hiyo nilishonea hapo kiraka cha pembe tatu. Kilikuwa chekundu kwa sababu kilitoka kwenye joho la kwaya. Kwaya ilikuwa imetawanyika, na sauti ya pili yote ilikuwa imekimbilia Punia. Hiyo ndiyo historia ya alama ya kampuni. Ukutani wameandika kwamba ni damu ya mashahidi.

Wapiganaji walikuwa na kizuizi njiani. Kwao ilikuwa sheria kwamba mkono wa mwanamke ukigusa kitu cha mpiganaji, maji ya dawa yanakufa, na mwenye kitu hicho anakufa nayo. Hawakupeana mkono na sisi, hawakula tulichopika. Unaweka mzigo chini, unarudi nyuma, wanaupekua kwa fimbo. Siku hiyo mvua ilikuwa imetupiga tangu mtoni. Kijana wa fimbo alifungua mfuko wangu, akakuta chumvi kavu. Akaita mkubwa wake.

Komanda alikuja polepole, mtu mrefu, na majani yamefungwa kwenye mkono. Alitia kidole ndani, akalamba.

"Hii njo nani alishona?"

Wanawake niliokuwa nao walianza kuangalia miguu yao.

"Ni shemeji yangu, komanda. Mudogo wa marehemu bwana yangu."

"Mwanaume?"

"Mwanaume."

"Lakini weye umebeba."

"Nimebeba kwa mugongo, komanda."

Alifikiri. Watu wake walimngoja kama mahakama.

"Mugongo si mukono," akasema. "Umwambie atushonee."

Ndivyo shemeji yangu alivyopata kazi. Wakati huo alikuwa amelala ndani ya nyumba yangu tangu vita ianze, na ugonjwa uliokuwa unampanda kila buti zikipita barabarani. Nilimkuta kitandani.

"Kuanzia leo weye ni fundi," nikamwambia.

"Fundi wa nini?"

"Wa mifuko. Wapiganaji wanataka mifuko, na hawataki ya mwanamuke."

"Miye sijui kushona."

"Hakuna aliyekuomba kujua."

Alijifunza kuweka mita ya kupimia shingoni. Hiyo ndiyo sehemu ya ushonaji aliyoimaliza. Mimi nilishonea chumba cha nyuma, yeye alikaa mlangoni. Mjumbe wa pori akija amejifanya muuza kuni, shemeji alikimbia ndani, mimi nikasimama, yeye akakaa kwenye mashini na kukanyaga hewa. Mfuko ukiisha, tuliuviringisha kwenye mkeka, nikaubeba kwa mgongo unaoruhusiwa mpaka karibu na kizuizi, kisha yeye akauchukua na kuukabidhi kwa mkono unaoruhusiwa. Walimpa nyama ya nguruwe pori. Alikula mbele yangu, kwa kuwa chakula chao sisi wanawake hatukukigusa.

Kule njo alianza kusimulia. Mara ya kwanza alisema tu kwamba alijifunza kwa kaka yake. Mara nyingine nikasikia, nimesimama mbali kama ilivyotakiwa, kwamba kaka yake marehemu alimtokea ndotoni akamwonyesha namna ya kukata. Mume wangu hakujua kukata hata kucha zake. Lakini wapiganaji walipenda ndoto, na mimi nilipenda mihogo, kwa hiyo kila mtu alirudi na chake.

Halafu mpiganaji mmoja akauawa karibu na uwanja wa ndege, na mgongoni alikuwa na mfuko wenye kiraka chekundu. Waasi walianza kutafuta fundi. Hawakutafuta sana. Jirani yetu, mke wa muuza mkaa, naye namweka kwenye hesabu, aliwaonyesha mlango. Waliingia wakamkuta shemeji ameketi na mita yake shingoni.

"Weye njo fundi?"

Sijawahi kuona mita ikivuliwa haraka vile.

"Hapana, mukubwa. Miye sijue kushona. Njo ule mwanamuke. Muulize mutu yeyote, njo yeye alianzisha kila kitu."

Hiyo ndiyo siku pekee nilipotambuliwa kuwa mwanzilishi. Walinifungia kwenye kontena la chuma pamoja na watu wengine na joto. Walinipiga kwa mshipi, halafu kwa kitako cha bunduki, na sikio la kushoto halikurudi tena kazini. Walitaka niseme nani alinituma. Niliwaambia chumvi. Hawakuridhika na jibu.

Nilitolewa kwa sababu mvua ilikuwa inawanyeshea na wao. Mkubwa wa doria zao aliuangalia vizuri mfuko wa yule maiti, akaona mkate wake umebaki mkavu, akaniuliza naweza kushona mingine ngapi. Niliwashonea. Walitaka niondoe kiraka. Niliwaambia bila kiraka mkanda unachanika, wakasema basi acha. Kwa muda ule vita yote ya ng'ambo ya mto ilikuwa inabebwa na mikanda yangu, pande zote mbili, na kama walitofautiana kwa kitu, haikuwa mizigo.

Nilipotoka kontena shemeji alikuwa amenipikia sombe ya majani ya mihogo. Ilikuwa na mchanga. Alisema, "Shemeji, ungekuwa weye ungefanya vile vile." Sikuwa na uhakika nimsikilize kwa upande gani wa kichwa.

Amani ilikuja na watu wa kampuni za simu. Wapiganaji walishuka kutoka porini, wengine wakaingizwa jeshini, wengi wakaenda kwenye mashimo ya Kampene na Pangi kuchimba madini. Walikwenda na mifuko yangu, na wachimbaji wenzao wakataka kama ile. Watu walikuwa wanafika kwenye parseli yangu, kiwanja cha nyumba yangu, kutoka Kabambare kwa miguu, na wote waliuliza, "Yule papa fundi iko wapi?" Nikisema njo mimi, walicheka kwa adabu na kumngoja yule baba.

Nikaitisha kikao cha familia. Nilitaka tu watu waambiwe. Mzee wa kanisa letu alikaa katikati, akasikiliza, akafunga macho kana kwamba anaomba, na labda alikuwa amelala. Kisha akasema kwamba jina likibaki kwa mwanaume, linabaki kwenye ukoo wa marehemu, na hiyo ni heshima kwa marehemu. Nikauliza marehemu alimwambia lini. Akasema mjane mwenye ulimi anamchosha hata Mungu. Kesho yake aliagiza mfuko, na mimi nikaushona, ila nta sikupaka. Biblia yake ilivimba.

Shemeji alikodi chumba, halafu nyumba. Alipata mshirika, mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa kanisa, mwenye malori na subira. Huyu alileta kitambaa kutoka nje na vijana wenye mashini za umeme. Siku hizi kiraka hakishonwi tena, kinapigwa chapa kama muhuri. Mimi nilibaki kwenye baraza langu na mashini ya baba, nikitengeneza mifuko ya watolekiste iliyochanika. Ilichanika hasa pale palipopigwa chapa.

Hapo ningeweza kunyamaza, na nilikuwa nanyamaza vizuri. Lakini mwaka huu walipojenga duka jipya na kuchora ukuta, walikuja kutaka mashini.

Walikuja watatu, asubuhi, na viatu safi. Shemeji, mfanyabiashara wa Butembo, na papa mmoja mrefu mwenye mvi ambaye sikumjua mpaka alipotia kidole kwenye bakuli langu la chumvi na kulamba. Yule komanda. Sasa ana mashimo yake Kampene na meno mapya. Shemeji alimleta awe shahidi.

"Shemeji," akaanza, "ile mashini si ya mutu mumoja tena. Ni ya historia. Tutaiweka dukani ndani ya kioo."

"Iko inafanya kazi."

"Njo maana. Imefanya kazi ya kutosha. Tutakuletea mupya, ya umeme."

"Umeme wa wapi?"

Mfanyabiashara alicheka kidogo, akaacha.

"Mama," akasema, "wateja wetu wa Goma na Bukavu wanapenda kujua kitu kimetoka wapi. Wanauliza mashini ya kwanza. Bila mashini, ukuta ni rangi tu."

"Na mimi niko wapi kwenye ukuta?"

Shemeji akasema nipo. Nipo pembeni ya picha ya pili, na sahani.

"Sahani ya nini?"

"Unaniletea chakula. Gerezani."

Nilidhani ni sikio. Nikamwomba arudie. Akarudia, taratibu, huku akiangalia mashini. Picha ya pili inaonyesha mwanzilishi ndani ya kontena, amefungwa kwa ajili ya kazi yake.

"Weye ulifungwa?"

"Shemeji, ni mambo ya kuchora. Mutu hawezi kuweka kila kitu."

Nikamgeukia yule komanda. Nikamwambia, "Papa, sema ukweli mbele ya huyu baba wa Butembo. Nani alishona mifuko yenu?"

Alijikuna kidevu.

"Mama, tulijua."

"Mulijua nini?"

"Tulijua tangu siku ya kwanza. Huyu," akamwonyesha shemeji kwa mdomo, "alikuja kwetu na kifungo cha suruali kimefungwa kwa waya. Fundi gani yule?"

Shemeji akasema, "Lakini, komanda..."

"Nyamaza kidogo, fundi. Mvua ilikuwa inatunyeshea, mama. Tulitaka mifuko."

"Na sheria yenu ya mukono wa mwanamuke?"

"Sheria ilikuwepo. Lakini mwanamuke tusiyemwona hajagusa." Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kizuizini, bila haya, kama mtu anayesoma sheria ya barabarani. "Ungekuja na mukono wako mwenyewe, ungetulazimisha kukuona. Ulifanya vizuri kumutuma."

Miaka yote ile nilimpa mtu mita na kiti changu ili nisiuawe na watu ambao walijua. Aliyekuwa ameamini uongo ule mpaka mwisho ni mmoja, shemeji yangu, na alikuwa amekaa mbele yangu, anatafuta mahali pa kuweka mikono.

Mfanyabiashara wa Butembo alivua kofia. Ni mtu mzuri, simweki kwenye hesabu, au namweka chini kabisa.

"Mama, nakuamini," akasema. "Lakini rangi imeshakauka."

"Basi na mashini imeshakaa," nikasema. "Haitoki hapa."

Shemeji alijaribu mara nyingine, kwa sauti ya familia. Alisema ni mali ya kaka yake. Nikamwambia kaka yake aliikuta kwangu, na baba yangu aliinunua kwa jasho la reli, na kama anataka kuibeba, aibebe peke yake, mimi nitarudi nyuma niangalie. Ni nzito ile. Aliishika pembeni, akainyanyua kidogo, akaiweka. Komanda akamwambia, "Acha, fundi. Utaumia mugongo." Wakaondoka. Viatu vyao havikuwa safi tena, parseli yangu ina tope.

Hawakusumbuka. Walinunua mashini nyingine sokoni, kuukuu, haina hata bobini, wakaipaka rangi nyeusi na kuiweka ndani ya kioo. Siku ya kufungua duka mzee wa kanisa aliibariki. Watu wa Kindu wakapanga foleni kupiga nayo picha. Nami nilialikwa, nikaambiwa nivae kitenge cha kampuni. Nilikaa nyumbani, nikashona mkanda wa mchimbaji mmoja aliyekuwa na haraka ya safari.

Lakini uzi wa nailoni mzuri unauzwa kwao tu. Juzi ilibidi niende. Msichana wa duka ni mgeni, hakunijua. Aliniona nimesimama mbele ya kile kioo, akaja na tabasamu walilomfundisha.

"Mama, unajua historia ya hii mashini?"

"Simulia."

Akasimulia vizuri. Ndoto ilikuwepo, damu ya mashahidi ilikuwepo. Alipofika kwenye kontena alishusha sauti, nikalazimika kusogea. Alipomaliza nilimwambia kwamba mashini yenyewe iko kwangu, kwamba aliyeshona ni mimi na aliyefungwa ni mimi.

Hakushangaa. Alikubali kwa kichwa, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Ndiyo, mama. Wamama wengi wanakuja kusema vile."

"Wengi wapi?"

"Wengi tu. Wengine wanatoka Lokandu. Mumoja alitoka Obokote, alilia hapa. Wote wanasema walikuwa wanashona wakati wa vita, na mwanaume wao akakaa mulangoni."

Nikalipia uzi wangu. Nikamwambia, mwingine akija, asimsimulie hadithi, amwelekeze kwangu, parseli iliyo nyuma ya depo, aulize fundi mwanamke. Kazi iko nyingi, na mashini inataka miguu mingine, yangu imechoka.

Tangu hapo wamekuja wawili. Yule wa Obokote, aliyerudi dukani akaelekezwa, anashona kweli, mshono wake hauna aibu. Wa pili anadanganya, hajawahi kushona mfuko maishani mwake, lakini anajua kukata. Wote wawili nimewaweka barazani, mbele, mahali mtu yeyote anayepita anawaona.